Aliyezikwa kwa Tunda la Yago

Mkono alioushika Nyasuguta gizani ulikuwa na joto.

Hapo ndipo tulipowaacha, msomaji. Chumba cha nyuma cha mwita-roho Nyar Kanyada, mjini Homa Bay, Jumamosi mchana. Madirisha yamezibwa kwa magunia. Kufuli limelia upande wa nje na hakuna ajuaye ni nani aliyelifunga. Na sauti ya marehemu Joash, kutoka nyuma ya pazia, imemaliza tu kumwambia mjane wake: "Emma, kubali. Mwache ndugu yangu akurithi."

Nyasuguta, mwalimu wa fizikia kutoka Migori, mtu asiyeamini hata ndoto zake mwenyewe, alinyoosha mkono kuifuata sauti ile. Akakamata vidole. Vidole vya mtu, na kimoja kilikuwa na kucha iliyovunjika.

"Emma," akasema, "roho yako inatoka jasho."

"Mwachilie!" Emmaculate akalia. "Nyasu, utamkasirisha!"

Hakumwachilia. Alivuta. Nyuma ya pazia kitu kikajikwaa, sufuria ya maji ya ziwa ikapinduka, pazia likakatika pamoja na kamba yake, na mtu mzima akamwangukia mwalimu kifuani kama gunia la mahindi.

"Aii! Mguu wangu!" roho ikapiga kelele.

Nyasuguta akamsukuma kando, akarukia dirisha, akalichana gunia. Nondo za dirisha zilikuwa nene, lakini jua lilipita katikati yake bila kubisha hodi.

Sakafuni alikaa mwanamume mwembamba, ndevu zimemwota ovyo, shuka nyeupe imemzonga miguu. Kando yake Nyar Kanyada, mama mnene mwenye kilemba cha manjano, alikuwa amejishika mashavu.

"Yaye!" akasema kwa unyonge. "Mmeniharibia kazi."

Emmaculate alikuwa ameganda ukutani. Alimtazama yule mtu kama unavyomtazama nyoka ambaye hujui kama amekuona.

Alikuwa Joash. Joash mumewe, aliyepotea na mashua yake mwaka juzi na ziwa likakataa kumrudisha.

Nyinyi mnaosoma mkiwa mbali na ziwa, sikilizeni. Huku mtu akimezwa na maji asipatikane, kaburi haliachwi tupu. Huchumwa tunda la yago, refu na zito kama mkono wa mwanamume. Hufunikwa nguo, hulaliwa matanga, huzikwa kwa jina la aliyepotea. Udongo ukishafukiwa, mtu huyo amekufa, na hakuna wa kubisha.

Joash alizikwa hivyo. Na leo hii, jua likizama, mjane wake alitakiwa asimame mbele ya wazee wa ukoo atamke kwamba amemkubali Zablon, kaka mkubwa wa marehemu, amrithi. Emmaculate alikuwa radhi kula mchanga kuliko kumkubali Zablon. Ndiyo maana alikuja hapa: kumwomba marehemu amkatalie. Na Nyasuguta alikuja kuonyesha kwamba marehemu hasemi, kisha ambebe rafiki yake mpaka Migori, apende asipende.

Sasa marehemu alikuwa anasugua goti.

"Yuko hai," Nyasuguta akasema. Kisha ikamwingia vizuri, akaruka. "Emma! Mumeo yuko hai! Wewe si mjane! Nani atakurithi? Hakuna wa kukurithi!"

"Usimguse."

"Nini?"

"Ondoka hapo alipo, Nyasu. Huyo ni jachien."

"Ni nani?"

"Mzimu! Anachukua sura ya mtu wako ili umfuate ukafe naye. Tulimzika huyu mtu."

"Mlizika tunda!"

"Tulimzika Joash. Mama yake alilala chini mpaka akaugua kifua. Mimi nilinyolewa nywele. Ati tunda! Wewe ulikuwepo? Ulikuwa Migori unasahihisha mitihani."

Nyasuguta akamshika rafiki yake mkono, akamburuta, akabandika vidole vyake kwenye shingo ya Joash. "Sikia. Nini hicho kinapiga?"

"Moyo."

"Basi?"

"Nani alikuambia mzimu hauna moyo? Umepima mingapi?"

Ndivyo walivyokuwa hawa wawili tangu chuo cha ualimu, walikolala chumba kimoja. Emma alimwekea Nyasuguta chumvi chini ya mto kumfukuzia majinamizi, Nyasuguta akaitia kwenye mayai. Emma alilia, Nyasuguta akampa yai moja, wakawa marafiki. Mmoja aliamini kila kitu, mwingine hakuamini chochote, na hakuna siku waliyokosa la kugombania.

"Mama," Nyasuguta akamgeukia mwita-roho, "huyu mtu umemficha hapa tangu lini?"

"Sikumficha. Alikuja mlangoni mvua za masika zikianza, akaniambia, 'Mama, mimi ni marehemu.' Nibishane naye? Mtu anajua mwenyewe kama amekufa." Nyar Kanyada akashusha sauti. "Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi. Anakula! Sijawahi kuona roho ya kumaliza ugali namna hii."

"Emma," Joash akasema polepole. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuita jina hilo kwenye mwanga. "Emma, umekonda."

Kofi lilimkuta kabla hajafunga mdomo.

"Aii!"

Emmaculate akautazama mkono wake. Akautazama uso wa mumewe, vidole vyake vinne vikianza kuchoreka pale shavuni. Jachien hachubuki. Hilo hata yeye alilijua.

Kofi la pili lilikuwa la mke.

"Mvua za masika!" akafoka. "Uko hapa tangu masika! Unakula ugali! Na mimi nalala na panga chini ya kitanda kwa sababu ya ndugu yako!" Akampiga la tatu, kisha akamwangukia shingoni, akalia kwa sauti iliyomfanya Nyar Kanyada ajifute macho kwa ncha ya kilemba.

Nyasuguta aliugeukia mlango, akausukuma. Haukutikisika. Mlango wa mti mzito, kufuli nje.

"Nani ametufungia?" akauliza.

Nyumba ya jirani kulikuwa na kinu cha kusaga unga, na siku ya soko injini yake ilinguruma tangu asubuhi. Ungeweza kuchinja ng'ombe chumbani mle na mtu wa barabarani asisikie. Nyasuguta aligonga, akaita, akapiga teke. Sauti yake ikamezwa.

"Sawa," akasema akihema. "Tutatoka tu. Joash, shemeji, ukitoka hapa unakwenda moja kwa moja kwa chifu."

"Nikamwambie nini? Chifu alihutubia kwenye mazishi yangu."

"Umwambie uko hai!"

Joash akatikisa kichwa, akaeleza. Usiku ule wa dhoruba walikuwa mashua mbili. Zablon mbele na injini, Joash nyuma na nyavu, wamefungwa kwa kamba. Mawimbi yalipopanda, kamba ikakatika. Yeye akatupwa upande wa Tanzania, akaokotwa na wavuvi wa Shirati, mguu umevunjika, homa imempanda kichwani. Alikaa miezi hajui jina lake. Alipoweza kutembea akarudi kupitia Sirare na Isebania, akafika kwao jioni moja.

"Mama mmoja aliniona njiani, akatupa kuni akakimbia. Mimi nikacheka. Nikafika kwenye ua. Nikaona msalaba." Akasugua goti lake. "Umeandikwa jina langu, shemeji. Nimesimama nje ya ua wetu nasoma jina langu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siwezi kuvuka pale. Kaburi limeshapewa jina. Nikiingia nyumbani na pumzi yangu, lile kaburi litadai la kwake. Litamchukua nani? Nina binti mmoja. Ndiyo maana nilimwambia Emma akubali."

"Emma, msikie mumeo anavyo..." Nyasuguta akaanza.

Lakini Emmaculate alikuwa amejitoa shingoni mwa Joash. Machozi yalikuwa yamekauka ghafla.

"Ni kweli," akasema.

"Ni kweli nini?"

"Hawezi kurudi. Mungu wangu. Yuko hai na hawezi kurudi."

"Emma! Unamwona! Umempiga makofi! Tunda ndilo lina haki kuliko mtu?"

"Tunda lina kaburi. Yeye hana kitu."

"Upuuzi!"

"Na upuuzi wako je?" Emma akamgeukia, macho makali. "Mbona mvua ikinyesha huwezi kutaja jina la bibi yako? Ulifikiri sijui? Miaka yote hii nanyamaza nisikuaibishe."

Nyasuguta akageukia dirisha. Joto la mabati liliwashukia wote wanne kama blanketi.

Basi tazama, msomaji, walivyobanwa. Mlango una kufuli. Dirisha lina nondo. Na hata mlango ungefunguka, mke amempata mumewe na hana pa kumpeleka, mume yuko hai na hana pa kuishi.

Hapo mtu akakohoa nje ya mlango.

"Emma."

Emmaculate akawa mweupe midomoni. "Zablon," akanong'ona.

"Emma, najua uko humo na yule mwalimu wako wa Kuria." Zablon alikuwa ameuweka mdomo kwenye ufa wa mlango ili kinu kisimeze maneno yake. "Nimefunga mimi. Nimeambiwa ana mpango wa kukuvusha Isebania. Wazee wawili wako hapo hotelini wanakunywa chai, nimewaambia umekuja kumuaga marehemu. Sasa marehemu amesema. Nimemsikia kwa masikio yangu kabla sijaenda kwao: amekuambia ukubali."

Sauti yake ilitetemeka alipotaja marehemu. Nyasuguta aliunasa mtetemeko ule kama paka anavyonasa mkia wa panya.

Hajui. Zablon alidhani amesikia roho.

Mwalimu akapiga magoti kando ya Joash, akamwekea mdomo sikioni. "Ndugu yako anaogopa wafu?"

"Kupita kiasi. Hata matanga halali."

"Basi wewe bado ni marehemu. Sema nitakachokuambia."

"Nyasu," Emma akanong'ona, "wewe? Wewe ndiye unaita roho?"

"Nyamaza, naita."

Joash akavuta pumzi. Akatoa ile sauti ya chini, ya kukokota, aliyofundishwa na Nyar Kanyada: "Zablooon."

Nje, kitu kikaanguka. Pengine ni kofia, pengine ni Zablon mwenyewe.

"Joash?"

Nyasuguta akanong'ona. Joash akarudia. "Nimebadili neno. Sitaki umrithi. Mwache Emma."

"Lakini ndugu yangu, umesema..."

"Nimebadili."

"Kwa nini? Nimekosa nini?"

Nyasuguta alisita. Kisha akakumbuka silaha ya kila mwalimu. Darasa likikataa kusema nani kavunja kioo, unasimama mbele yao, unakunja mikono, unawaambia kwa upole kwamba unajua walichofanya. Huwa hujui. Lakini kila mtoto ana alichofanya.

Akamnong'oneza Joash. Joash akakunja uso, hakuelewa, lakini akasema:

"Zablon, najua ulichofanya."

Kinu kiliendelea kunguruma.

Kisha kilio. Kilio cha mtu mzima, kibaya, cha puani.

"Joash, nisamehe. Yale mawimbi... Mashua yako ilikuwa imejaa maji, ilikuwa inanivuta chini. Tungezama wote. Nilikuwa na kisu cha samaki mkononi, sikufikiri. Nilikata tu. Ndugu yangu, nilikata tu ile kamba, sikukuua mimi, ziwa ndilo..."

Nyar Kanyada akajiziba mdomo kwa kilemba.

Emma akamtazama Nyasuguta. "Umejuaje?"

"Sikujua," Nyasuguta akasema. "Emma, naapa, sikujua."

Na katika kutazamana kwao walimsahau Joash.

Alikuwa ameinuka. Uso wake haukuwa wa marehemu tena. Miezi yote ile alikuwa amewasimulia watu kwamba kamba ilikatika. Aliwasimulia wavuvi wa Shirati, akamsimulia Nyar Kanyada, akajisimulia mwenyewe usiku. Alimpenda ndugu yake hivyo.

"Ulikata?" akanguruma. Akaupiga mlango kwa ngumi mbili mpaka vumbi likamwagika. "Zablon! ULIKATA?"

"Joash, hapana!" Nyasuguta akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja, wakaanguka wote wawili.

Alichelewa, msomaji. Kilio cha nje kilikatika kama kilivyoanza.

Zablon aliporudi kwenye ufa ule, hakuwa na kamasi tena. Alisema taratibu, kama mtu anayepiga hesabu.

"Roho haigongi mlango."

Nyar Kanyada akarudi nyuma hatua moja.

"Kama wewe ni roho, toka. Kufuli halizuii roho. Toka, nitakupigia magoti hapa hapa." Akangoja. "Hutoki. Basi humo ndani kuna mtu. Na mtu huyo mimi nilishamzika, tena kwa ng'ombe mzima. Hebu niambieni nyinyi wenye akili: mtu aliyezikwa akifia humo ndani, nani atamtafuta? Chifu? Mama yake? Watamtafuta kaburini, watakuta kaburi lipo."

"Mimi watanitafuta!" Nyasuguta akapaza sauti, mkono bado juu ya mdomo wa Joash. "Shule nzima inajua niliko!"

"Unadanganya, mwalimu. Ulimwambia nani kwamba unakwenda kwa mwita-roho? Wewe? Ungechekwa."

Alikuwa amelenga. Shuleni Nyasuguta alikuwa amesema anakwenda kumwona daktari wa meno.

"Nyumba yangu ni ya mbao," Nyar Kanyada akanong'ona, macho yamemtoka. "Zablon ana mafuta ya injini kwenye gari. Nyathina, mwanangu, nyumba yangu ni ya mbao."

Joash alijipindua chini ya mkono wa Nyasuguta. Alitaka kupiga kelele. Nyasuguta alikaza. Akipiga kelele sasa, na kinu kile, atakayemsikia ni mtu mmoja tu, na ndiye mwenye kufuli.

Hapo Emmaculate akasogea mlangoni. Alijifuta uso kwa pindo la leso. Akajifunga kitambaa cha kichwa upya, akakaza.

"Shemeji Zablon," akasema.

"Sema."

"Wazee watakuuliza nini leo?"

"Unajua."

"Watakuuliza wewe au wataniuliza mimi?"

Zablon akalitikisa kufuli.

"Wataniuliza mimi," Emma akaendelea. "Mjane anakubali kwa mdomo wake. Hunipeleki kama mbuzi, watu wataona. Ukiwagusa hawa nitawaambia wazee siku hiyo hiyo. Nitaandika ukutani, nitaimba sokoni, utanichinja mimi pia, na maiti yangu hutaweza kuizika kwa tunda. Lakini fungua mlango, nitoke peke yangu. Nitakwenda na wewe. Nitasema ndiyo. Hawa wafungie mpaka kesho, ukishalala kwangu neno limekwisha. Hata Joash akirudi atakuta mji wa mtu mwingine."

"Emma!" Nyasuguta akalia.

"Apa," Zablon akasema.

"Naapa kwa kaburi la mume wangu."

Kufuli likaanza kukoroma.

Emma akageuka haraka, akainama juu ya Nyasuguta kana kwamba anamuaga. Harufu yake ilikuwa ya sabuni na woga. Akamnong'oneza maneno machache, moto moto, sikioni:

"Jua likizama nitaulizwa. Mfufue kabla ya hapo."

"Nini? Nimfufue vipi?"

"Wewe usiyeogopa. Mfufue."

Mlango ukafunguka kiasi cha mwili wa mwanamke mmoja. Panga liling'aa kwenye ule ufa. Emma akapita. Mlango ukafungwa. Kufuli likabana.

Nyasuguta alibaki sakafuni na marehemu mapajani. Machozi ya Joash yalikuwa yanampitia katikati ya vidole.

"Amesema nimfufue," akamwambia Nyar Kanyada. "Huku kwenu mtu aliyezikwa hivi anafufuliwaje?"

Mwita-roho akaulamba mdomo. "Lile tunda lifukuliwe, yeye akiwa bado hajavuka ua. Lichomwe mbele ya wazee. Kaburi likose cha kudai."

"Na nani anafukua?"

"Wa ukoo hagusi. Mgeni. Mtu asiye na hofu." Akamtazama mwalimu kwa huruma. "Kama hofu itamshika jembe likiwa mkononi, kaburi linamchukua yeye. Ndivyo wasemavyo."

Nyasuguta akataka kucheka. Alikuwa na kicheko maalumu cha mambo kama haya, kifupi, cha puani, kilichomkera Emma miaka yote. Akakitafuta, hakukipata.

"Joash," akasema badala yake, "kutoka hapa mpaka kwenu kwa miguu..."

Lakini Nyar Kanyada alikuwa ameinua kidole. "Shh! Bado wako uani."

Alikuwa amebandika sikio kwenye ufa. Nyasuguta akamvuta Joash mpaka pale, kiganja kikiwa bado mdomoni mwake, akasikiliza. Kupitia mngurumo wa kinu maneno yalikuja vipande vipande. Zablon alikuwa amewaita wazee kutoka hotelini.

"...kungoja machweo kwa nini, wazee? Mwenyewe ameridhika. Marehemu pia amesema. Mwulizeni hapa hapa, tumalize."

"Hapa? Uani kwa watu?" Sauti ya kizee, yenye mashaka.

"Neno ni neno popote, baba."

Jua lilikuwa bado juu. Jembe lilikuwa mbali, kaburi lilikuwa mbali, tunda lilikuwa chini ya udongo. Hakuna wa kufufuliwa tena.

"Tupige kelele!" akanong'ona. "Wazee wako hapo!"

"Na kinu? Hawatasikia kitu," Nyar Kanyada akajibu. Kisha uso wake ukabadilika. Akaangalia jua dirishani. "Ngoja. Werema mwenye kinu husimamisha injini wakati huu akanywe uji. Kila siku. Zablon hajui hilo, si mtu wa hapa."

Joash aliacha kupambana. Alielewa. Nyasuguta aliona macho yake, na ndani yake aliona mambo mawili yakivutana kama watu wawili kwenye kamba: mke wake pale uani, na binti yake kule nyumbani karibu na ule msalaba. Akisema, wazee watajua yuko hai. Akisema, tunda likiwa bado ardhini, kaburi litakuwa na deni. Hivyo ndivyo alivyoamini. Hivyo ndivyo Emma alivyoamini, na ndiyo maana alitaka jembe litangulie, sauti ifuate.

Na ikiwa ni kweli? Nyasuguta alishtuka kulisikia swali lile kichwani mwake, kwa sauti yake mwenyewe.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Mji mzima wa Homa Bay ukaingia masikioni mwao kwa mara moja: kengele za baiskeli, wauza samaki, mtoto analia. Na pale uani, karibu kabisa, sauti ya mzee, taratibu, ya heshima:

"Chi Joash. Mke wa Joash. Mbele yangu na mbele ya mwenzangu huyu, unamkubali Zablon?"

Emmaculate hakujibu mara moja. Alikuwa anawapa muda. Alikuwa anaamini kwamba rafiki yake ameshatoka, kwa njia yoyote ile, na yuko njiani na jembe.

"Tunangoja, nyathina," mzee akasema.

Nyasuguta akamsikia Emma akivuta pumzi ya kujibu.

Akaondoa kiganja mdomoni mwa Joash.

"Sema," akamwambia.